Daftari la marehemu lenye majina ya waliouawa: tulipeleke wapi?

*Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kongwa. Kaka yangu ameoa Mkongo, Mbembe wa upande wa Fizi, jimbo la Kivu Kusini. Wifi alivuka Ziwa Tanganyika na wazazi wake akiwa na miaka tisa, akakulia kambi ya Nyarugusu, na sasa anaishi na kaka Nkuhungu, Dodoma mjini. Mwaka huu baba yake amefariki na kumwachia daftari. Mzee aliandika humo majina ya watu waliouawa kijijini kwao mwishoni mwa 1998, umri wao, nani alishuhudia, na majina ya makamanda wawili wa waasi. Mmoja inasemekana yuko hai, anaishi Ulaya. Mdogo wake wifi wa kiume naye alipotea siku ile na hadi leo hajulikani alipo. Redioni tunasikia ICC, mara Umoja wa Mataifa umelaani. Je, yupo atakayemhoji mtu huyo, au ni maneno tu? Vijana wa nyumbani wanataka kulipiga picha lote walirushe kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakongo. Tufanyeje?*

Marahaba mwalimu, na poleni kwa msiba. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: waambie hao vijana wasirushe chochote, hata ukurasa mmoja. Kama wameshapiga picha, zibaki kwenye simu hiyo hiyo na asitumiwe mtu.

Nawaelewa. Wanataka watu wao wajulikane. Lakini daftari hilo lina majina ya aina tatu: ya waliokufa, ya walioshuhudia na ya wanaotuhumiwa. Walioshuhudia huenda bado wanalima kijiji kile kile, nyumba ya tatu kutoka kwa ndugu wa kamanda. Na mtuhumiwa akiliona jina lake kwenye simu asubuhi, ana mchana mzima wa kuchoma karatasi zake, kuhama mji na kuanza kuwapigia watu simu.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani upesi. Kwa miaka sita nilikuwa msaidizi wa kisheria katika timu ya utetezi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, pale Arusha, ilipokuwa kwenye jengo la mikutano la AICC. Ndiyo, utetezi: kila mshtakiwa alikuwa na haki ya wakili. Kazi yangu ilikuwa kusoma maelezo ya shahidi mmoja yaliyochukuliwa nyakati tofauti na kutafuta yanapopingana. Namkumbuka mama mmoja aliyekaa nyuma ya pazia, tukimjua kwa herufi mbili tu. Alipohojiwa mara ya kwanza alisema alimwona mshtakiwa wetu kwenye kizuizi cha barabarani asubuhi. Miaka mitatu baadaye, mbele ya wachunguzi wengine, alisema jua lilikuwa linazama. Nilizipigia mstari sentensi hizo mbili kwa kalamu nyekundu nikampelekea wakili. Mama alipoulizwa alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema siku zile hapakuwa na asubuhi. Wakalimani wakalitafsiri jibu hilo kwenye vipokea sauti, na sisi tukaandika kwamba ameshindwa kujibu.

Naamini alimwona. Niliamini hata siku ile. Ila mahakama ya jinai haimfungi mtu kwa imani yangu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sasa mfikirie wakili wa huyo kamanda akimuuliza shahidi wenu: jina la mteja wangu ulilikumbuka, au ulilisoma kwenye WhatsApp? Shahidi mkweli kabisa anaweza kuanguka kwa swali hilo moja.

Nije kwenye swali lenyewe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyoko The Hague, haitamhoji mtu huyo kwa mauaji ya 1998. Mkataba wa Roma ulioiunda ulipitishwa Julai 1998, lakini ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na mahakama hairuhusiwi kugusa jambo lililotendeka kabla ya hapo. Wakongo wengi niliokutana nao hawajawahi kuelezwa hili, na wapo walioandika barua The Hague wakakaa wakisubiri majibu miaka nenda rudi. Inauma zaidi kwa sababu ni Congo iliyoipa mahakama hiyo hukumu yake ya kwanza: Thomas Lubanga, aliyewaingiza watoto vitani huko Ituri, mashariki mwa Congo, alipatikana na hatia mwaka 2012 akafungwa miaka 14. Bosco Ntaganda, kamanda mwingine wa waasi, akafuata mwaka 2019 na kifungo cha miaka 30. Wote wawili walishtakiwa kwa mambo ya 2002 na 2003.

Ile ya Arusha nayo haikuwa na mamlaka ya kutoka nje ya mwaka 1994. Ilifungwa Desemba 2015, na kazi zake zilizobaki zinamaliziwa na taasisi iliyoko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha. Kwa hiyo vita vya Congo vilivyoanza 1996, pamoja na vile vya Agosti 1998 vilivyoifikia familia ya wifi yako, viliangukia kwenye ufa katikati ya mahakama mbili. Sina namna ya kulipamba hilo.

Kukosa mahakama hizo mbili, hata hivyo, si kukosa sheria. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 ilikuwapo, na kifungu cha 3 kinachofanana katika yote minne kinahusu vita vya ndani ya nchi: mtu asiyepigana asiuawe, asiteswe, asifanywe mateka, na kila upande unafungwa na katazo hilo. Kila upande, yaani hata waasi wasio na serikali wala bendera. Watu huniuliza sana hili, kwamba muasi ambaye hakusaini kitu anabanwaje. Wewe unafundisha Kongwa, ambako tangu 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao walipiga kambi. Serikali walizopigana nazo ziliwaita magaidi wasiostahili kulindwa na sheria yoyote. Mwaka 1977 Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya mikataba hiyo ya Geneva ilikubali kwamba vita vya kujikomboa navyo viko ndani ya sheria za vita, na mwaka 1980 Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikwenda Geneva kutia saini tamko mbele ya Msalaba Mwekundu kwamba ANC itazifuata. Aliyetaka sheria imlinde akakubali pia imbane. Hao wa Fizi nao walibanwa, wapende wasipende.

Jambo la pili la kushika: uhalifu wa aina hii kimataifa hauna ukomo wa muda. Kesi ya deni huchakaa, kesi ya shamba huchakaa, lakini hii haichakai. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule anaweza kuitwa akiwa na 70.

Ungeniambia makamanda wote wawili wako msituni ningekujibu kwa unyonge zaidi. Huyo aliyeko Ulaya ndiye anayenipa matumaini. Nchi kadhaa za huko, zikiwamo Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Uswisi na Sweden, zina sheria zinazoruhusu mahakama zao za kawaida kumshtaki mtu kwa uhalifu wa kivita uliofanyika nchi nyingine, aliyefanyiwa akiwa mgeni na aliyefanya akiwa mgeni. Masharti yanatofautiana, na kwa kawaida hutaka mtuhumiwa awe amekanyaga au anaishi kwao. Zina polisi na waendesha mashtaka wa kazi hiyo hasa. Na kama aliomba ukimbizi, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtoa kwenye ulinzi mtu ambaye zipo sababu za msingi za kuamini alitenda uhalifu wa kivita, hivyo jalada lake la uhamiaji linaweza kuwa mwanzo wa uchunguzi.

Haya yamekwisha kutokea. Alieu Kosiah alikuwa kamanda wa kundi la ULIMO katika vita vya kwanza vya Liberia, baadaye akahamia Uswisi akaishi zake. Watu wa Lofa, kaskazini mwa Liberia, wakisaidiwa na mawakili, walipeleka malalamiko huko huko Uswisi, akakamatwa Novemba 2014. Wanavijiji walisafirishwa hadi mji wa Bellinzona, wakakaa mbele ya majaji na kueleza walichokiona kati ya 1993 na 1995. Juni 2021 akahukumiwa miaka 20, na rufaa ya 2023 ikakiacha kifungo kile kile. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kutoka kosa hadi hukumu, kisha uone kwamba 1998 si zamani.

Angalia na Syria. Mei 2014 ilipendekezwa Baraza la Usalama liipeleke Syria ICC, na Urusi na China zikapiga kura ya turufu. Wengi walisema basi, imekwisha. Januari 2022 mahakama ya mji wa Koblenz, Ujerumani, ilimfunga maisha Anwar Raslan, kanali wa usalama wa Syria aliyefika huko kuomba hifadhi, kwa mateso na mauaji ya watu waliokuwa chini ya ulinzi wake Damascus. Hakuna turufu inayofika Koblenz. Na kwa Wakongo: Roger Lumbala, kiongozi wa waasi aliyekuja kuwa waziri, alikamatwa Ufaransa na mwaka 2025 akasimamishwa kizimbani Paris kwa yaliyotendeka Ituri mwaka 2002 na 2003.

Ndiyo maana nasisitiza kimya. Mtu wa Ulaya hufikiwa na wachunguzi wakati bado anaamini amesahauliwa.

Congo kwenyewe pia pana mahakama, na nisingependa mzidharau. Siku ya mwaka mpya wa 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake wa mji wa Fizi. Kabla Februari haijaisha, mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuwa imekaa Baraka, kando ya ziwa, ikawasikiliza wanawake hao na kumfunga luteni kanali aliyewaongoza miaka 20. Wifi yako huenda anaijua Baraka kuliko anavyoijua Dodoma. Kavumu, katika jimbo hilo hilo la Kivu Kusini, mbunge wa bunge la jimbo na wanamgambo wake walifungwa maisha Desemba 2017 kwa ubakaji wa watoto wa kike wapatao 40. Kesi ile ilisimama kwa sababu madaktari walitunza kumbukumbu za kila mtoto tangu mwanzo, na watoto walirekodiwa kwenye video ili wasije kusimamishwa mbele ya waliowatenda. Kwa upande mwingine kuna kesi ya Minova: wanajeshi 39 walishtakiwa, na Mei 2014 ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Mahakama hizo zina majaji wachache na hazina fedha, na ulinzi wa shahidi unaishia siku msafara unapoondoka. Kwa familia iliyoko Tanzania nisingeanzia huko.

Ila kuna jambo la Congo ambalo wifi anaweza kulifuatilia bila kesi. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, kwa waathirika wa ubakaji wa vitani na uhalifu mwingine mkubwa, na mfuko huo unaandikisha waathirika. Fidia nenda nayo pole pole, nitaeleza kwa nini hapo chini. Usiichanganye na ile ya dola milioni 325 ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 kuilipa Congo. Hiyo ni kesi kati ya nchi na nchi, kwa maeneo ambayo Uganda iliwajibika nayo, na raia mmoja mmoja hawezi kufungua kesi kwenye mahakama ile.

Je, hapa kwetu? Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma Agosti 2002. Kenya ilitunga sheria ya kuuingiza kwenye mahakama zake mwaka 2008, Uganda 2010. Sisi bado. Maana yake kamanda huyo angehamia Dodoma kesho akafungua duka Majengo, mwendesha mashtaka wetu angehangaika kupata kifungu cha kumshtakia kwa jina la kosa lenyewe. Nimelisema hili kwenye semina za wabunge na nitaendelea kulisema. Bunge liko hapa hapa mjini, na muswada wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Tumelea kambi za wakimbizi wa vita vya majirani kwa zaidi ya miaka 50, na mashahidi wa vita hivyo wanaishi mitaani kwetu.

Turudi kwenye daftari, maana hapo ndipo penye kazi yenu.

Mwaka 1990 Rais Hissène Habré alipopinduliwa Chad, mhasibu mmoja aitwaye Souleymane Guengueng alitoka gerezani akiwa hoi. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili akiona wenzake wanakufa. Yeye na wenzake waliopona wakaanza kuandika: jina, alikamatwa lini, alishikiliwa wapi, nani alimwona mara ya mwisho. Walikusanya maelezo ya waathirika 792. Watu wa usalama wa Habré walipoanza kurudi kwenye vyeo na kuwatishia, Guengueng aliyaficha makaratasi yale nyumbani kwake, yakakaa miaka. Karatasi hizo zilikuwa miongoni mwa zilizofungua kesi Dakar mwaka 2000. Senegal ikavuta miguu, siasa zikaingia, na mwishowe Umoja wa Afrika na Senegal wakaunda mahakama maalumu. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha, na majaji Waafrika, katika ardhi ya Afrika. Ilichukua miaka 26.

Nakupa na upande wa pili. Mwaka 2017 rufaa iliamuru waathirika 7,396 walipwe jumla ya faranga bilioni 82. Habré alikufa Agosti 2021 wakiwa hawajapokea kitu. Ndiyo sababu nasema fidia nenda nayo pole pole. Usimwambie wifi kwamba atalipwa.

Mzee wenu alifanya kazi ile ile ya Guengueng, peke yake, kambini. Sasa lifanyieni hivi. Msiandike chochote ndani yake, msirekebishe tahajia, msipitishe kalamu juu ya wino uliofifia. Asije mtu akalipeleka duka la steshenari likapigwa laminesheni kwa nia njema. Wataalamu wa maandishi hawataweza tena kuupima wino. Piga picha kila ukurasa, pamoja na jalada na kurasa tupu, kwa simu moja, mchana, na picha zile zihamishiwe kwenye flashi mbili zitakazokaa nyumba tofauti. Zisipite WhatsApp, kwa sababu huzibana na kuzifuta taarifa za saa na tarehe. Daftari lenyewe liingie kwenye bahasha ya khaki, si mfuko wa nailoni unaotunza unyevu, na bahasha iwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Unaijua Dodoma na mchwa wake.

Kisha chukua karatasi nyingine, nyeupe, na hii uiandike wewe mwalimu kwa mwandiko wako mzuri. Marehemu alilitunza wapi? Nani alilitoa sandukuni, siku gani, akampa nani? Nani amelishika tangu hapo? Limeandikwa kwa lugha gani, kalamu ngapi? Yupo mtu Nyarugusu aliyewahi kumwona mzee akiandika, na mwaka gani? Weka tarehe, saini, na kila anayelipokea asaini. Karatasi hiyo inaonekana ndogo, lakini nimeona vielelezo vizito vikikataliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kusema vilikuwa kwa nani kati ya Jumatatu na Ijumaa. Uulize habari za daftari tu. Habari za mauaji yenyewe usiziulize, hata kwa wifi. Alikuwa na miaka tisa. Akihojiwa na wewe, halafu na shemeji, halafu na mwandishi wa habari, mtakuwa mmemwandalia wakili kama niliyekuwa namsaidia mimi. Ahojiwe mara moja, na mtu aliyefunzwa.

Kuna kazi nyingine inayokufaa wewe, maana unasoma Kiingereza. Oktoba 2010 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ya uchunguzi wa uhalifu uliofanyika Congo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ina kurasa zaidi ya 500 na matukio 617, yamepangwa kwa majimbo na tarehe, nayo ipo kwenye intaneti bure. Tenga Jumamosi moja, fungua sehemu ya Kivu Kusini, miezi ya mwisho ya 1998, utafute kijiji chao. Kama kimo, daftari limepata shahidi wa kuliunga mkono ambaye hajawahi kuliona. Kama hakimo, linaweza kuwa ndilo andiko pekee lililopo. Ripoti hiyo haikutaja majina ya watuhumiwa hadharani; yamehifadhiwa kwa siri Geneva, na mwendesha mashtaka wa nchi ya Ulaya anaweza kuyaomba. Uliyoyasoma usimsimulie wifi kabla hajahojiwa.

Niruhusu niseme kwa nini daftari hili limenikaa moyoni. Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Bibi yangu alikuwa mtoto wakati wa njaa tunayoiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua ilipokata hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 150,000 walikufa zaidi ya 30,000. Bibi alikuwa akihesabu ndugu zake kwa vidole, akifika wa nne anasimama, hakumbuki jina. Hakuna aliyeandika. Hakuna ofisa wa upande wowote aliyeulizwa. Leo kuwanyima raia chakula makusudi kama mbinu ya vita ni kosa ndani ya Mkataba wa Roma, na Desemba 2019 nchi wanachama zilikubali kulipanua hadi vita vya ndani ya nchi. Kwa watu wa bibi yangu sheria hiyo haina pa kushika. Baba yake wifi yako aliwaachia watu wake pa kushika.

Hatua inayofuata ni wakili, si polisi na si mwandishi wa habari. Anzeni na Chama cha Mawakili Tanganyika au taasisi ya msaada wa kisheria inayoshughulika na wakimbizi, mwombe mtu mwenye uzoefu wa jinai ya kimataifa. Yeye ndiye aandike kwenye kitengo cha uhalifu wa kivita cha nchi anakoishi huyo mtu, kwanza bila majina ya mashahidi, aone kama wanapokea. Yeye pia atajua mashirika ya mawakili huko Ulaya yanayobeba kesi hizi bila malipo. Nchi kama Ufaransa na Ubelgiji humruhusu mwathirika kujiunga kwenye kesi akiwa na wakili wake mwenyewe. Jibu linaweza kuchukua mwaka. Linaweza kuwa hapana.

Kuhusu mdogo wake aliyepotea, njia ni nyingine kabisa, msizichanganye. Nendeni Chama cha Msalaba Mwekundu, kina huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani na kinashirikiana na wenzao wa Congo na Burundi. Peleka jina lake lote, jina la utani, majina ya wazazi, kijiji, na alama yoyote ya mwili. Yale wifi atakayowaambia hayatakwenda mahakamani, kwa sababu Msalaba Mwekundu wa Kimataifa hautoi ushahidi, na ICC yenyewe inaiheshimu siri hiyo. Bila hivyo usingeruhusiwa kuvuka vizuizi vya waasi kutafuta watoto. Hili mnaweza kulifanya wiki hii.

Na la mwisho, mwalimu. Barua umeiandika wewe, na vijana ndio wanaotaka kurusha. Wifi mwenyewe sijamsikia. Muulize, mkiwa wawili, kaka akiwa hayupo, kama anataka jambo hili liende mbele: kama yuko tayari kuulizwa maswali na watu wageni, kusubiri miaka, pengine kukaa ukumbi mmoja na mtu yule. Akisema ndiyo, nendeni kwa wakili na daftari lenyewe, si picha. Akisema bado, lifungeni kwenye bahasha yake na ile karatasi uliyoiandika, likae.